Tabia za treda na matokeo ya akaunti yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga treda, yaani mtu anayefanya biashara ya forex (fedha za kigeni) au dhahabu kwa fedha zake mwenyewe, mara nyingi kwa simu, kupitia programu ya MetaTrader. Hesabu ziko kwa dola kwa kuwa akaunti nyingi za broka, kampuni inayokuunganisha na soko, huwekwa kwa dola. Herufi R ni kiasi ulichokubali kupoteza kabla ya kufungua oda, yaani biashara moja ya kununua au kuuza. Ukikubali kupoteza dola 2, basi 1R ni dola 2, na faida ya dola 3 ni 1.5R.

Tabia ina uzito gani? Si mbinu ndiyo inayoleta faida?

Bila mbinu yenye faida hakuna nidhamu itakayokuokoa, na hilo tutalirudia mbele. Lakini tabia moja tu inatosha kugeuza mbinu yenye faida kuwa ya hasara. Chukua mbinu inayoshinda oda 45 katika kila 100, ikilipa 1.5R inaposhinda na kupoteza 1R inaposhindwa. Baada ya oda 100 umepata 67.5R, ukitoa 55R za hasara unabaki na 12.5R. Sasa mpe mbinu hiyo treda mwenye mazoea ya kufunga mapema: oda ikifika 0.7R anaichukua. Oda anazoshinda zinaongezeka, tuseme zinafika 55, kwa sababu baadhi ya zile ambazo zingegeuka amezifunga kabla hazijageuka. Anajiona ameboreka. Piga hesabu: 55 mara 0.7 ni 38.5R, toa 45R, amepoteza 6.5R. Chati ni zilezile na mbinu ni ileile.

Kwenye hisa hali ni hiyohiyo. Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya 66,465 zilizokuwa na akaunti kwa broka mmoja wa Marekani kati ya 1991 na 1996. Waliouza na kununua mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Gharama za kuingia na kutoka kila mara ndizo zilizowala.

Kwa nini nafunga faida haraka lakini hasara naiacha iendelee?

Hii ndiyo tabia iliyochunguzwa kuliko zote. Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza mwaka 1985, na mwaka 1998 Odean akaionyesha kwenye akaunti 10,000 halisi: watu waliuza hisa zenye faida kwa urahisi kuliko zenye hasara. Hisa walizouza zikaendelea kufanya vizuri kuliko zile walizozing'ang'ania, kwa tofauti ya asilimia 3.4 hivi katika mwaka uliofuata.

Chanzo chake ni kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha. Oda ikiwa na faida unaogopa kunyang'anywa, kwa hiyo unafunga. Ikiwa na hasara, kuifunga ni kukubali kwamba hasara hiyo ni yako, kwa hiyo unasubiri bei irudi. Mara nyingi inarudi kweli, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kila inaporudi unafundishwa kusubiri. Siku isiporudi, oda moja inakula faida za wiki tatu.

Dawa yake ni kuamua kutoka kabla ya kuingia. Andika bei tatu kabla hujagusa kitufe: ya kuingia, ya stoplosi, yaani amri inayofunga oda yenyewe hasara ikifika kikomo, na ya lengo la faida. Weka zote tatu kwenye oda wakati uleule wa kuifungua. Kisha ondoka kwenye skrini. Anayeangalia oda kila baada ya dakika mbili hupata nafasi nyingi za kuharibu, kwa sababu karibu kila oda nzuri huingia kwenye hasara ndogo kabla ya kwenda inakotakiwa.

Kama huwezi kabisa kuvumilia hadi mwisho, gawa oda mara mbili. Badala ya oda moja ya loti 0.02 (loti ndicho kipimo cha ukubwa wa oda), fungua mbili za 0.01, ya kwanza ukaifunge kwenye 1R na ya pili uiache ifike kwenye lengo. Kihesabu hupati faida kamili ya mbinu, ila ni afadhali kuliko kufunga zote kwenye 0.7R.

Sheria zangu nazijua zote. Mbona nazivunja?

Kwa sababu soko hulipa makosa. Ukiendesha gari vibaya, mara nyingi unaonywa papo hapo. Ukiondoa stoplosi, mara saba kati ya kumi huenda ukapata faida. Ubongo unaandika kwamba jambo hilo limelipa, tena limelipa bila mpangilio maalumu. Majaribio ya B.F. Skinner yalionyesha zamani kwamba malipo yanayokuja kwa kubahatisha hujenga tabia iliyo ngumu kuing'oa kuliko malipo ya kila mara. Ndiyo maana treda anaweza kujua kabisa kwamba kuondoa stoplosi kutamuunguza na bado akaiondoa kesho.

Kutokana na hilo, matokeo ya oda moja usiyafanye kipimo chako. Oda iliyofuata sheria ikapata hasara ni oda nzuri. Iliyovunja sheria ikapata faida ni oda mbaya, na kwa kweli ni ya hatari kuliko ile mbaya yenye hasara, kwa sababu inakupa hamu ya kurudia.

Ni tabia gani inayounguza akaunti haraka kuliko zote?

Kuongeza loti baada ya hasara ili kurudisha kilichopotea. Wengine huiita kulipiza kisasi kwa soko, na wapo wanaoifundisha kama mbinu, eti ongeza mara mbili kila unapopoteza. Tazama inavyokua ukianza na loti 0.01 kwenye EUR/USD (bei ya euro kwa dola), stoplosi na lengo vyote vikiwa pipsi 20 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei hiyo): 0.01, 0.02, 0.04, 0.08, 0.16, 0.32, 0.64. Oda ya saba ni mara 64 ya ile ya kwanza. Ukipoteza zote saba, jumla ni loti 1.27, sawa na dola 254, wakati ulianza kwa kuhatarisha dola 2. Na ungeshinda ya saba, faida yako yote ingekuwa dola hizohizo 2.

Kupoteza mara nyingi mfululizo si nuksi. Kwa mbinu inayoshinda nusu ya oda zake, uwezekano wa kukutana na hasara tano zinazofuatana ndani ya oda 100 ni takriban 80 kwa 100. Yaani tegemea zije.

Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa 1762, iliangushwa na tabia hii mwaka 1995. Nick Leeson, akiwa Singapore, alificha hasara kwenye akaunti namba 88888 na kuendelea kuongeza ukubwa wa biashara ili bei ikirudi aipate yote. Bei haikurudi. Hasara ilifika pauni milioni 827.

Inayofuata kwa ubaya ni kusogeza stoplosi mbali zaidi bei inapoikaribia. Kuisogeza upande wa faida hakuna tatizo ikiwa mpango wako unasema hivyo. Upande wa hasara, kamwe.

Kuingia sokoni mara nyingi kuna ubaya gani, ikiwa kila oda ni ndogo?

Ubaya ni gharama. Spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ikiwa pipsi 1.5, kila oda ya 0.01 kwenye EUR/USD inakugharimu senti 15 za dola. Oda 10 kwa siku kwa siku 20 ni oda 200, sawa na dola 30. Kwenye akaunti ya dola 200 hiyo ni asilimia 15 kwa mwezi, na unatakiwa uipate kwanza ndipo uanze kuhesabu faida. Kwa oda 2 za siku gharama inashuka hadi dola 6.

Weka idadi ya juu ya oda kwa siku. Mbili au tatu zinamtosha mtu anayefuata chati ya saa moja.

Nihatarishe kiasi gani kwenye oda moja?

Asilimia 1 ya salio, na nusu ya hiyo wakati unabadilisha tabia. Ukipoteza mara kumi mfululizo kwa asilimia 1, akaunti inashuka kama asilimia 10. Kwa asilimia 5 inashuka asilimia 40. Kwa asilimia 10 inashuka asilimia 65, na ili urudi ulipokuwa utahitaji faida ya karibu asilimia 187. Hakuna akili inayotulia kwenye shimo la namna hiyo, kwa hiyo kiwango kikubwa cha hatari kinazaa tabia mbaya hata kwa mtu ambaye hakuwa nazo.

Kwa jozi za sarafu kama EUR/USD na GBP/USD (pauni kwa dola), loti moja kamili ni dola 10 kwa pipsi. Gawa fedha unazohatarisha kwa pipsi za stoplosi mara 10. Salio dola 200, hatari dola 2, stoplosi pipsi 20: 2 gawa kwa 200 ni loti 0.01.

Kwenye dhahabu hesabu ni tofauti na hapo wengi huumia. Kwa broka wengi loti 0.01 ya XAUUSD, yaani dhahabu kwa dola, ni aunsi moja, hivyo bei ikisogea dola 1 nawe umesogea dola 1. Stoplosi ya dola 5, ambayo kwa dhahabu ni nyembamba, kwenye akaunti ya dola 50 ni asilimia 10 kwa oda moja, na loti ndogo zaidi ya hiyo kwa kawaida haipo. Mwenye dola 50 atumie akaunti ya senti, ambayo huhesabiwa kwa senti badala ya dola, au aachane na dhahabu kwanza.

Leveraji kubwa ni tatizo?

Leveraji ni nguvu ya kufungua oda kubwa kuliko salio lako; 1:500 ni hadi mara 500. Kama loti unaipiga kwa hesabu iliyo hapo juu, leveraji haibadilishi hasara yako. Tatizo lake ni kwamba inaacha mlango wazi: siku umekasirika, akaunti ya 1:500 itakuruhusu kufungua oda ambayo ya 1:30 ingeikataa. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, iliweka kikomo cha 1:30 kwa jozi kuu mwaka 2018, baada ya kuonekana kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida wa CFD, mikataba ya kufuata bei bila kumiliki mali yenyewe, hupoteza fedha. Broka wengi hukuruhusu kuipunguza mwenyewe kwenye ukurasa wa akaunti yako. Ipunguze, hasa kama ugonjwa wako ni kuongeza loti.

Nianze kubadilisha tabia ipi?

Ile inayokugharimu zaidi, nayo utaijua kwa daftari, usiikisie. Kwa oda 30 zijazo andika: tarehe na saa, jozi, sababu ya kuingia kwa sentensi moja, bei tatu ulizopanga, matokeo kwa R, na mwishoni neno moja: "nimefuata" au "nimevunja". Ukivunja, taja sheria iliyovunjwa na ulichokuwa ukifanya dakika kumi kabla. Sehemu hii ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo yenye dhahabu. Baada ya wiki chache utaona kwamba kuvunja kwako kuna saa zake na mahali pake: kitandani usiku, ndani ya daladala, baada ya kuona picha ya faida ya mtu kwenye WhatsApp, au ndani ya robo saa baada ya stoplosi kuguswa.

Jumlisha R za kila sheria iliyovunjwa. Yenye hasi kubwa ndiyo ya kwanza. Nyingine ziache kwa sasa, hata kama zinakukera, kwa sababu anayejaribu kubadilisha tano kwa pamoja hujikuta wiki ya pili amerudi kwenye zote.

Hatua zenyewe za kuibadilisha ni zipi?

Kusema "kuanzia leo nitakuwa na nidhamu" hakufanyi kazi, kwa sababu hakumwambii mtu afanye nini saa ngapi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa namna ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Andika mmoja tu, kwa maneno ya vitendo: "Stoplosi ikiguswa, nitafunga programu, nitaandika daftari, na sitaifungua kabla ya dakika 60." Uandike kwa mkono uubandike unapofanyia kazi.

Kisha ifanye tabia mbaya iwe ngumu kutendeka. Hapa MetaTrader ina kitu ambacho wengi hawakitumii: kila akaunti ina nywila mbili, nywila kuu na nywila ya mwekezaji. Ukiingia kwa ya mwekezaji unaona chati, salio na oda zote, ila huwezi kufungua wala kufunga chochote. Kwenye kompyuta nenda Tools, Options, kichupo cha Server, bonyeza Change, kisha uweke nywila ya mwekezaji unayoitaka. Simu iingie kwa hiyo. Nywila kuu ibaki kwenye kompyuta ya nyumbani. Angalizo: fanya hivi tu kama kila oda yako ina stoplosi na lengo, kwa sababu ukiwa njiani hutaweza kuigusa.

Zima mpangilio wa "One Click Trading", unaofungua oda kwa kubonyeza mara moja bila kukuuliza. Ondoa kwenye orodha ya bei jozi zote usizofanyia kazi; mwenye jozi mbili huvutwa kidogo kuliko mwenye 28. Toa kwenye akaunti fedha zisizohitajika kwa loti unazotumia. Weka kengele ya bei badala ya kukodolea chati macho.

Tabia inayotoka lazima iachiwe kitu mahali pake. Zile dakika baada ya hasara ndizo mbaya zaidi, kwa hiyo zipangie jambo la mwili: kutembea, kuswali, kufua, kwenda dukani.

Inachukua siku ngapi?

Siku 21 zinazotajwa kila mahali hazina msingi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya za kila siku. Wastani ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia 18 hadi 254. Siku moja iliyokosekana haikuharibu kitu. Ukivunja sheria Jumanne, Jumatano endelea na ulipoishia. Kwa treda, hesabu oda kuliko siku: oda 50 mfululizo zilizofuata sheria moja ni lengo zuri la kuanzia.

Nifanye biashara saa ngapi nikiwa Afrika Mashariki?

Kuchagua saa maalumu nako ni tabia, tena rahisi kuijenga. London inafungua saa 4 asubuhi ya Nairobi na Dar es Salaam majira yao ya joto, saa 5 majira ya baridi. New York inaanza saa 9 alasiri au saa 10 jioni. Soko hutembea zaidi masoko hayo mawili yanapokuwa wazi pamoja, takriban saa 9 alasiri hadi saa 1 jioni majira yao ya joto, na saa moja mbele majira ya baridi. Kigali, Bujumbura na Goma, toa saa moja.

Mwajiriwa wa mchana ana bahati ya kuwahi sehemu ya mwisho ya kipindi hicho. Ajipangie dakika 90 na afunge. Taarifa ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, huja saa 9:30 alasiri au 10:30 jioni kwa saa za Nairobi. Usiwe na oda mpya dakika kumi kabla yake.

Usiku una hatari yake. Siku ya soko hugeuka saa 6 usiku wetu, au saa 7 wakati wa baridi ya Marekani. Kwa dakika kadhaa benki hupunguza bei wanazotoa na spredi hutanuka sana. Stoplosi iliyo karibu inaguswa ingawa chati haionyeshi bei kufika hapo. Wengi humlaumu broka kuwa ameiwinda. Dawa ni kufunga oda za muda mfupi kabla ya saa 5 usiku.

Akaunti ya demo inasaidia kujenga tabia?

Demo, yaani akaunti ya mazoezi yenye fedha bandia, inasaidia kujifunza vitufe na kupima mbinu. Hofu haimo, kwa hiyo haikufundishi kuikabili. Oda 50 za demo, kisha akaunti ya senti, ni mpangilio unaofaa.

Na magrupu ya Telegram yanayotuma oda za kufuata?

Ukifuata oda ya mtu hujui kwa nini umeingia, kwa hiyo hujui lini sababu imekufa. Hapo ndipo stoplosi inaposogezwa. Zaidi ya hayo, wenye magrupu wengi hulipwa na broka kwa kila loti unayofungua, ushinde usishinde. Ukiwa unabadilisha tabia, nyamazisha yote.

Nimefuata sheria na bado napoteza. Tatizo ni tabia au mbinu?

Ukishafika oda 100, zigawe kwenye mafungu mawili: zilizofuata na zilizovunja. Jumlisha R za kila fungu. Zilizofuata zikiwa chanya na zilizovunja hasi, tatizo ni tabia. Endelea na hatua zilizo hapo juu. Zilizofuata zikiwa hasi, mbinu yenyewe haina faida, na nidhamu itakupunguzia tu kasi ya kupoteza. Simamisha fedha halisi, rudi demo. Mafungu yote yakiwa chanya, tazama ukubwa wa loti kwenye oda zilizovunja kabla hujafurahi.

Ukweli huu usifichwe. Watafiti waliofuatilia watu walioanza biashara ya siku kwa siku kwenye soko la Brazili kati ya 2013 na 2015 walikuta kwamba kati ya walioendelea zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha. Kukaa muda mrefu peke yake hakukumfundisha mtu.

Ni dalili gani zinaonyesha nisimame kabisa?

Kuweka kwenye akaunti karo, kodi ya nyumba au mkopo wa simu. Kumficha mwenzi wako salio. Kushindwa kulala oda ikiwa wazi. Kuongeza fedha siku ileile akaunti ilipoungua. Mojawapo ikitokea, funga oda zote, toa salio lote kwenda benki au M-Pesa, mwombe broka aifunge akaunti, na mweleze mtu mmoja wa karibu kiasi kamili kilichopotea, kwa tarakimu. Ikiwa hata baada ya hapo unajikuta unafungua akaunti kwa broka mwingine, zungumza na mshauri nasaha au hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Wanaishughulikia kama wanavyoshughulikia uraibu wa kamari.